Nilipokatazwa Kuuliza Watu Wameamkaje

Nilikatazwa kusalimia nikiwa mtu mzima, na aliyenikataza mwenyewe hawezi kukuuzia hata boliti moja bila kwanza kukuuliza habari za nyumbani. Ni bosi wangu. Ana duka la vipuri hapa Karatu mjini, na pembeni ya biashara hiyo ana magari machache ya kupeleka wageni mbugani. Siku hiyo aliniita dukani, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akasema, "Binti yangu, kuanzia leo ukikutana na wageni asubuhi, wape habari za asubuhi, basi. Baada ya hapo funga mdomo, fungua mlango wa gari."

Damu ilinipanda kichwani. Mimi nina hasira za karibu, mama yangu husema nilizaliwa siku ya upepo. Lakini kazi ilikuwa yake na magari yalikuwa yake, kwa hiyo nikaangalia mikanda ya feni iliyoning'inia ukutani mpaka nikatulia.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilikuwa mwongozaji wake pekee anayejua Kihispania, na nilikuwa nimewatembeza mume na mke kutoka Hispania. Kila asubuhi, kabla sijawasha gari, niliwauliza wameamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je. Wao hawakuwa na watoto, na kumbe hilo lilikuwa jeraha lao. Halafu kule kuulizwa kila siku wameamkaje kuliwafanya waone kwamba nawashuku kuwa na ugonjwa. Walipofika kwao wakatuma ujumbe ofisini: wanyama walikuwa wazuri, gari zuri, ila mwongozaji anachunguza afya za watu na kuingia mambo yao ya ndani.

"Wageni wamelipa kuona simba," bosi alisema. "Hawakulipa kuulizwa watoto. Hawa si majirani zako wa Mbulumbulu."

Kisha akaniambia lililokuwa moyoni mwake. Kulikuwa na kijana Arusha, amesomea Kihispania chuoni, anatafuta kazi. Safari iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja na binti yake, nao walitaka mtu wa lugha hiyo. Nikiimaliza bila lalamiko, nitabaki. Likija lalamiko jingine, yule kijana atachukua usukani wangu na mimi nitarudi jikoni kambini, nilikotoka. Bora angesema atanifukuza. Mtu aliyefukuzwa anaweza kwenda zake akiwa na hasira yake nzima. Mimi ningekaa pale namenya viazi, nikimwangalia mwingine akipandisha wageni wangu kwenye gari langu.

Kihispania chenyewe nilifundishwa na sista mmoja Mhispania aliyeishi parokiani kwetu Mbulumbulu miaka mingi akitibu watu zahanati. Wakati huo nilikuwa mpishi wa kambi, nimechoka kusikia hadithi za waongozaji kupitia dirisha la jiko. Sista alikubali kunifundisha kwa sharti moja: nisinune nikisahihishwa. Wiki ya kwanza tu sharti likanishinda, lakini alivumilia.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye wakati uliopita. Sisi kwenye Kiswahili tunapachika -li- katikati ya neno na shughuli imekwisha: nilisema, ulisema, alisema. Kihispania hakitaki. Chenyewe kinabadilisha mkia wa neno, na kila mtu ana mkia wake: hablé ni mimi niliyesema, hablaste ni wewe, habló ni yule. Halafu kuna vitenzi vikaidi ambavyo hata hiyo mikia havifuati. Nilipogundua kwamba fui ni "nilikwenda", na fui hiyo hiyo ni "nilikuwa", nilimwuliza sista kama watu wa kwao hawajui tofauti ya kwenda na kukaa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Faraja niliipata sehemu moja. He visto, alisema, ni nimeona; vi ni niliona. Kilichotokea leo, wakati siku bado haijafungwa, kitaje kwa ile ya kwanza. Cha jana na cha zamani kitaje kwa ya pili. Nikaona hiyo si mbali sana na -me- na -li- yetu, nikajiona mjanja. Ila kulikuwa na ya tatu, iliyonitesa: veía, nilikuwa nikiona, zamani ambayo haisemi ilianza lini wala iliisha lini. Sista alinipa mifano ya treni inayopita na theluji inayoanguka. Treni sijapanda na theluji sijaiona. Kwa miaka yote nikawa naitumia hiyo ya tatu kwa kubahatisha, kama mtu anayetia chumvi gizani.

Jambo jingine tulilogombania lilikuwa salamu. Nilimwomba anipe neno la "umeamkaje". Akasema neno lipo, ila kwao huulizwa mgonjwa. Mtu mzima wa afya mwambie buenos días, inatosha. Sikukubali hata kidogo. Kwetu ukipita kwa jirani alfajiri bila kumwuliza ameamkaje, na watoto, na ng'ombe, kabla ya saa sita mlima mzima utajua kwamba mmekosana. Nikamwambia sista kwamba salamu ya neno moja ni ya mtu anayedaiwa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Sema upendavyo," akasema kwa Kiswahili chake cha Mbulumbulu, "lakini mimi nimekuonya."

Ndiyo maana nilipotoka dukani kwa bosi nilisikia sauti ya sista masikioni, na iliniudhi zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Yeye mwenyewe hakuwapo wa kunicheka. Uzee ulikuwa umemrudisha kwao, kwenye nyumba ya masista wazee, na tulikuwa tukizungumza kwa simu. Nilipomsimulia mkasa wangu aliahidi kuniombea, kisha akanikumbusha kufanya mazoezi ya vitenzi vikaidi.

Wale wageni walikuwa wa Kolombia. Binti alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi. Mama yake alikuwa bibi mdogo wa umbo, amejifunga blanketi la sufu mabegani kama mzee wa Kimasai, na alikuwa na mikono ambayo ukiiona mara moja unajua imeshika jembe. Nilimpenda papo hapo. Nikataka kumwamkia, kumwuliza amelalaje, kwake ni wazima, mvua zikoje. Nikameza yote.

"Buenos días," nikasema, nikafungua mlango.

Bibi alisimama akiningoja. Mimi nikasimama nikimngoja apande. Mwishowe akapanda.

Siku hiyo tulikwenda Manyara, na nilikuwa mwongozaji mwenye adabu kuliko wote duniani. Nilitaja ndege kwa majina yao. Nilieleza tembo, mti, ziwa. Nilichunga kila wakati uliopita unaotoka mdomoni mwangu: hemos visto viboko, tumewaona leo, siku haijafungwa. Nilimsikia bibi nyuma akimnong'oneza binti yake. Kila nikimtazama kwenye kioo, yeye anatazama nje.

Jioni, nilipokuwa nafuta vumbi kwenye vioo, binti alinifuata. Alikuwa na aibu. Akaniuliza kama wamenikosea jambo lolote, kwa sababu mama yake hakula vizuri mchana, anasema yule msichana amemkasirikia.

"Hapana," nikasema. "Kwa nini nimkasirikie?"

"Anasema humsalimii."

Sikujua nicheke au nilie. Nikisalimia nashtakiwa, nisiposalimia nashtakiwa. Nikamwambia binti kwamba nilikuwa nimechoka tu, na huo ulikuwa uongo, na nadhani aliuona. Alipoondoka nilijiona tayari jikoni, na ndoo ya viazi mbele yangu. Nilimchukia bosi, nikamchukia kijana wa Arusha ambaye sijawahi hata kumwona, na nikazikasirikia lugha zote mbili. Sikujua kwamba dawa ingekuja yenyewe asubuhi, na blanketi mabegani.

Asubuhi ilikuwa ya kreta, lile shimo kubwa la volkeno wanamoishi wanyama. Kutoka geti kupanda ukingoni tulikuwa ndani ya ukungu mzito, taa zimewashwa, miti inatona maji. Pale mahali pa kusimama ambapo wageni huona kreta yote kwa mara ya kwanza, hakukuwa na kreta. Kulikuwa na weupe mtupu kama mtu ametandika shuka. Binti alibaki kwenye gari akitafuta glavu zake. Bibi alishuka, akaja akasimama karibu yangu, nasi sote wawili tukawa tunatazama mahali pasipoonekana kitu.

Kisha akanigeukia, akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema, "Mija, ¿cómo amaneció?"

Mija ni mwanangu. Na lile jingine ni lile lile nililokatazwa. Mwanangu, umeamkaje?

Niseme ukweli, machozi yalinitoka. Nilisingizia baridi. Nikamjibu kwamba nimeamka salama, namshukuru Mungu, na yeye je? Akasema ameamka vizuri, goti moja tu ndilo limeamka vibaya. Nikamwuliza wa nyumbani wameamkaje. Akasema mtoto wake wa kiume amepiga simu, ni mzima, na ng'ombe wako kwa jirani. Nikamwuliza ng'ombe wangapi. Akaniuliza mimi nina wangapi. Nikasema ni wa mama yangu, na kuna mmoja mwenye mimba anayetusumbua, hataki kula. Akataka kujua rangi yake. Ulikuwa mzigo mkubwa sana ulionishuka pale ukingoni, na nilitamani kupiga kelele.

Binti alipotufikia alitukuta tumeshikana mikono. "Ah," akasema, "mmesalimiana!"

Ilibidi nieleze. Nilieleza yote, kuanzia Wahispania mpaka duka la vipuri, bila kutaja jiko. Binti alicheka sana. Akasema kwao, milimani wanakolima viazi na mahindi, mtu asipokuuliza umeamkaje ni mgonjwa yeye. Hispania ni mbali nao kama Karatu ilivyo mbali na Pwani, na watu hao wawili wakisema lugha moja haina maana kwamba wanasema namna moja. Kisha kwa upole akaniambia jambo jingine: kile Kihispania changu ni kizuri, lakini ninazungumza kama padri kwenye mahubiri. Kule kwao hawasemi hemos visto hata kwa kitu cha dakika tano zilizopita. Wanasema vimos, tuliona, basi. Na ule mkia mzima wa "ninyi" ambao sista alinikaririsha kwa jasho, hablasteis, hakuna anayeutumia.

"Hata kidogo?"

"Kanisani, pengine."

Basi nikaona nusu ya zile adhabu zangu zinaanguka pale pale. Nilicheka mwenyewe. Hiyo ndiyo siku niliyoelewa kwamba lugha ya watu ni kama njia za mlimani: kila kijiji kina ya kwake na zote zinafika kisimani. Na sisi si ndio hao hao? Shuleni mwalimu alitukemea kila tuliposema "alikuwaga" na "nilikuwaga napenda". Hakuna kitu kama hicho kwenye Kiswahili sanifu, alisema. Tukitoka nje ya darasa yeye mwenyewe anasema zamani alikuwaga mchezaji mpira.

Ukungu ulipopasuka tulishuka. Bibi alistarehe sasa, akawa anauliza maswali ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Wale nyumbu ni wa nani? Nani anawahesabu jioni? Tulipowakuta nyati aliwatazama viwele kwa muda mrefu, akasikitika kwamba maziwa yote yale yanapotea. Faru hatukumwona. Wenzangu kwenye redio walikuwa wakiitana toka upande mmoja mpaka mwingine, magari yanakimbizana, na mimi nilianza kuingiwa na wasiwasi. Bibi akasema tuache, faru naye ana kazi zake.

Mchana tulikula karibu na bwawa la viboko, ndani ya gari kwa ajili ya mwewe wanaopokonya watu chakula. Hapo bibi akaanza kunisimulia habari za mumewe. Mumewe amefariki, na hii safari binti aliipanga ili amtoe mama kwenye nyumba ile yenye kiti kitupu. Bibi hakulia. Alisimulia tu. Mumewe alikuwa akipanda viazi, alikuwa akiamka kabla ya kila mtu, alikuwa akiimbia ng'ombe. Sembraba, madrugaba, cantaba. Ile ya tatu. Mkia ule wa -ba ulikuja tena na tena, na hakuna hata mara moja aliyosema kwamba jambo fulani liliisha. Nami, mwongozaji wa watu, nikaielewa nikiwa na paja la kuku mkononi. Ni alikuwaga. Alikuwaga anapanda, alikuwaga anaimba. Kumbe nilikuwa nayo toka utotoni, ila nilifundishwa kuionea aibu.

"Wewe una huzuni?" bibi akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Nimefurahi."

Asubuhi ya mwisho bosi alikuja hotelini. Ana desturi hiyo. Kila mgeni anayeondoka humuaga mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, amevaa kanzu na kofia, amenyooka. Alinitupia jicho la haraka, la kuuliza. Sikupata nafasi ya kumjibu, maana bibi alikuwa ameshamfikia.

"Señor, ¿cómo amaneció?"

"Anasemaje?" bosi akaniuliza.

"Anauliza umeamkaje, mzee."

Alinikazia macho. "Umemfundisha wewe?"

"Haki ya Mungu, mzee, sikumfundisha. Amekuja nayo kutoka kwao."

Alinitazama mimi, akamtazama bibi, ambaye alikuwa amesimama na blanketi lake akisubiri jibu kama mtu anayejua haki yake. Nikaiona mila ikimshika bosi wangu na kumshinda nguvu. Akaweka mkono kifuani.

"Mwambie alhamdulillah, nimeamka salama. Muulize yeye je. Na nyumbani kwake hawajambo? Mvua wamepata?"

Basi nikasimama katikati yao nikitafsiri. Bosi alimwuliza watoto. Bibi akamwuliza wajukuu. Walikwenda kwenye mvua, wakaenda kwenye bei ya mbolea, wakafika kwa marehemu mume na bosi akamwombea kwa Mungu. Binti alikuwa anatazama saa kwa ajili ya ndege, hakuna aliyemjali. Bosi hakuuliza chochote kuhusu huduma, gari wala chakula. Walipoagana bibi alinikumbatia, akanivisha lile blanketi lake, na sikuwa na nguvu ya kukataa.

Niliporudi kutoka kuwasindikiza uwanja wa ndege, bosi alikuwa dukani, anamhesabia mtu nati. Hakuinua kichwa.

"Yule kijana wa Arusha," akasema, "nitampigia simu asisumbuke kuja."

"Asante, mzee."

"Lakini Wahispania wakija?"

"Nitafunga mdomo."

Akahesabu nati nyingine. "Usiufunge wote. Waulize kwanza wametoka wapi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka lake, vumbi na pikipiki vikinipita, nikacheka peke yangu mpaka mama wa ndizi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu husema wakila vizuri kwa sababu ya mgeni. Mimi siku hiyo nilipona kweli.

Alasiri hiyo nilimpigia sista. Nilimwambia, "Me quedé." Nimebaki. Kwa sheria zake ilikuwa kosa, kwa sababu nilitumia ile ya jana na jambo lilikuwa la leo, siku haijafungwa, na nilikaa tayari kusahihishwa. Hakunisahihisha. Alimshukuru Mungu. Nikamsimulia habari za bibi, za ukungu na za salamu ya bosi, naye akacheka mahali pote panapochekesha. Kisha akapunguza sauti.

"Huku watu ni wema sana," akasema kwa Kiswahili. "Asubuhi wananipa habari za asubuhi. Basi."

Nilimwelewa. Nilijisogeza kutoka barabarani ili nimsikie vizuri.

"Sista," nikasema, "umeamkaje leo?"

Yule yule aliyeniambia swali hilo ni la mgonjwa, alilijibu lote. Miguu imeamka mizito. Sista wa chumba cha pili amekohoa usiku kucha. Dirishani amepanda nyanya kwenye kopo, nazo zinakataa, si udongo wa Mbulumbulu. Ana picha ya zahanati ukutani na kila akiamka anaitazama. Nilimwacha aseme mpaka akachoka mwenyewe.

"Na ng'ombe wa mama yako," akauliza mwishoni, "wameamkaje?"

Nikamwambia wameamka salama, na yule aliyekuwa hataki kula amezaa.